Rika Lisiloonana: Juu ya Upimaji wa Makala za Mikutano ya Wasomi

Utangulizi

Wahakiki wetu wamezoea kuishughulikia kazi iliyokwisha kufika mikononi mwa wasomaji: diwani, riwaya, tamthilia au kamusi. Upo, hata hivyo, uhakiki mwingine unaofanywa kabla ya kazi kufika popote, nao ndio unaoamua kama itafika. Huo ni uhakiki wa makala na ikisiri zinazopelekwa kwenye mikutano ya wasomi. Watunzi wake ni wengi, kwani karibu kila mwalimu wa chuo kikuu huombwa kuuandika. Wasomaji wake ni wachache mno: kamati ya mkutano, na mtu mmoja anayesubiri jibu. Kwa kuwa hauchapishwi, hauhakikiwi. Na kwa kuwa hauhakikiwi, umekuwa na mazoea yake ambayo hakuna aliyeyakubali wala kuyakataa.

Makala hii inakusudia kuyachunguza mazoea hayo na kuuliza jinsi yanavyozihusu lugha zetu. Mfano tutakaoutumia ni wa Ekalakala, kituo cha biashara katika eneo la Masinga, kaskazini mwa Machakos, katika nchi kavu ya Wakamba isiyo mbali na Mto Tana na bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981. Ekalakala haina chuo kikuu. Lakini lugha ambayo wasomi huiandikia makala ndiyo inayosemwa pale kila siku, na ni haki kuuliza kama utaratibu wa kupima makala hizo unampa msemaji wake nafasi yoyote.

1. Utaratibu ulivyo

Kamati ya mkutano hutoa wito. Mwandishi hupeleka ama ikisiri ya maneno mia mbili au mia tatu, ama makala nzima, kufuatana na desturi ya taaluma. Kamati humgawia kila mpimaji fungu lake, na aghalabu kila kazi husomwa na wapimaji wawili au watatu. Hutoa alama na maoni, na mwenyekiti huamua. Katika taaluma za lugha na fasihi, kinachopimwa ni ikisiri. Makala yenyewe huandikwa baadaye, pengine katika safari ya kwenda mkutanoni. Katika sayansi ya kompyuta mambo ni kinyume: makala nzima hupimwa, na ikikubaliwa huhesabiwa kuwa imechapishwa.

Tofauti hii si ndogo. Ikisiri ni ahadi, makala ni tendo. Anayepima ikisiri hupima ufundi wa kuahidi: kama swali limeulizwa kwa msamiati unaovuma, kama nadharia imetajwa kwa jina, kama matokeo yametabiriwa kwa ujasiri. Mtu aliyekaa miezi sita akikusanya data na ambaye bado anasitasita kusema imethibitisha nini aweza kuandika ikisiri dhaifu kuliko yule ambaye hajatoka ofisini mwake. Hivyo upimaji wa ikisiri, unaodhaniwa kuwa mwepesi na usio na madhara, huweza kuwatuza wepesi wa maneno na kuwaadhibu waangalifu.

Wala tusidhani kwamba lililo hatarini ni heshima tu. Bila barua ya kukubaliwa mhadhiri hawezi kuomba nauli kwa chuo chake. Asiposafiri hasikiki, asiposikika hachapishwi katika mkusanyiko wa makala za mkutano, asipochapishwa hapandi cheo. Mkutano Mkuu wa Isimu ya Kiafrika, ulioanza Swaziland mwaka 1994, umekutana Lomé, Addis Ababa na Buea, lakini pia Köln mwaka 2009, Kyoto mwaka 2015 na Leiden mwaka 2021. Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki, mistari mitano ya mpimaji asiyemjua ndiyo inayoamua kama safari ya namna hiyo itafikiriwa au haitafikiriwa.

2. Asili yake

Watu wengi husema juu ya upimaji wa wenzi kana kwamba ulizaliwa pamoja na sayansi. Sivyo. Jarida la Jumuiya ya Kifalme ya London lilipoanza mwaka 1665, mhariri wake, Henry Oldenburg, ndiye aliyechagua cha kuchapa. Desturi ya kuomba ripoti za maandishi kutoka kwa wanachama ilijengeka katika Jumuiya hiyo katika miaka ya 1830. Hata jarida la Nature, linalotajwa leo kama kilele cha ukali wa upimaji, halikuufanya kuwa sharti kwa makala zote mpaka mwaka 1973. Kwa hiyo utaratibu tunaourithi kama mila ya kale ni, kwa sehemu kubwa, zao la karne ya 20, wakati makala zilipozidi nafasi na wahariri walipohitaji mtu wa kushirikiana naye lawama.

Neno hili la lawama halikuwekwa kwa mzaha. Mhariri wa zamani aliyekataa makala alijulikana kwa jina. Kamati ya leo hukataa kwa niaba ya wapimaji, na wapimaji hukataa kwa niaba ya taaluma. Mwandishi akitafuta aliyemkataa hamwoni. Hukumu imetoka, lakini hakimu hayupo.

3. Neno na maana yake

Katika Kiswahili utaratibu huu umepewa majina kadhaa: mapitio rika, tathmini ya wenzi, uhakiki wa wanataaluma wenza. Neno rika ndilo linalotuvutia zaidi, maana lina historia yake. Rika ni watu wa umri mmoja, na hasa watu waliotiwa jandoni pamoja. Jirani zao Wakamba, yaani Wagikuyu, wana neno riika kwa maana ya namna hiyo hiyo. Watu wa rika moja hujuana kwa majina na kwa sura. Waliumia siku moja. Mmoja wao akikosea, wenzake wana haki ya kumkemea, na haki hiyo inatokana na jambo moja tu: yeye naye anaweza kuwakemea.

Tukiyatumia maana hayo kuupima utaratibu wetu, tutaona kwamba jina halikai. Mpimaji hulijua jina la mwandishi, au hulikisia. Mwandishi hamjui mpimaji. Mpimaji husema, mwandishi husikiliza. Mpimaji akikosea, mara nyingi hapana pa kumjibu, hasa mikutanoni, ambako muda baina ya jibu na siku ya mkutano ni mfupi. Hilo si rika. Ni uhusiano wa mwanafunzi na mtahini. Wala hatusemi kwamba mtahini hafai. Twasema tu kwamba ikiwa ni mtahini, na aitwe hivyo, ili tuweze kuuliza ni nani aliyempa kazi hiyo na ametahini nini.

4. Ushahidi

Yapo majaribio yaliyofanywa kuupima upimaji wenyewe, na yafaa tuyatazame kwa utulivu.

Mwaka 1982 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peters na Ceci, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Walichukua makala 12 zilizokwisha kuchapishwa, wakabadilisha majina ya waandishi na vyuo vyao, kisha wakazirudisha kwa majarida yale yale. Makala 3 zilitambuliwa. Kati ya 9 zilizobaki, 8 zilikataliwa, na sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa udhaifu wa mbinu za utafiti. Jaribio hilo lilihusu majarida, na idadi yake ni ndogo. Hata hivyo liliacha swali ambalo halijajibiwa: kile kilichokubaliwa mara ya kwanza kilikuwa makala, au kilikuwa jina?

Kwa upande wa mikutano, jaribio mashuhuri ni la mwaka 2014, katika mkutano wa sayansi ya kompyuta uliofanyika Montreal na ambao leo huitwa NeurIPS. Wenyeviti wake, Corinna Cortes na Neil Lawrence, waliunda kamati mbili zisizowasiliana, wakazipa zote mbili makala zile zile 166. Kamati hizo zilitofautiana juu ya makala 43, yaani takriban robo. Robo yaweza kuonekana kuwa kitu kidogo. Lakini tukumbuke kwamba makala nyingi zilikuwa za kukataliwa kwa vyovyote. Tukizitazama zile tu zilizokubaliwa na kamati moja, zaidi ya nusu yake zilikataliwa na kamati ya pili. Jaribio liliporudiwa mwaka 2021 matokeo hayakubadilika sana. Na Cortes na Lawrence walipofuatilia, mwaka huo huo wa 2021, maisha ya makala za 2014, waligundua kwamba alama za wapimaji zilisaidia kuzitambua kazi dhaifu, ila hazikutabiri ni zipi kati ya zilizokubaliwa zingekuja kuwa na athari.

Jaribio la tatu ni la mkutano wa WSDM wa mwaka 2017. Nusu ya wapimaji waliona majina ya waandishi na nusu hawakuyaona. Waliyoyaona walielekea zaidi kuzipendekeza kazi za watu mashuhuri na za vyuo na makampuni yenye sifa.

Na kwa upande mwingine, mwaka 2005 wanafunzi watatu wa chuo cha MIT walitengeneza programu ya kuunganisha maneno ya kitaalamu yasiyo na maana yoyote, wakapeleka moja ya makala zake kwa mkutano ulioitwa WMSCI. Ilikubaliwa, bila ya kupimwa na mtu. Mwaka 2014 wachapishaji Springer na IEEE walilazimika kuondoa makala zaidi ya 120 za aina hiyo kutoka katika mikusanyiko yao.

Tukiyaunganisha haya tunapata hoja tatu. Kwanza, upimaji unahitajika: pasipo mlango wowote, hata upuuzi wa mashine huingia. Pili, upimaji unaweza kutenganisha pumba na mchele, lakini hauwezi kwa uhakika kutenganisha mchele mzuri na mchele bora zaidi. Tatu, jina la mwandishi likionekana, mizani huinama. Hoja ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi, maana kamati huwa na tabia ya kutumia alama za wapimaji kana kwamba tofauti ya 6 na 7 ni tofauti ya ukweli na uongo.

5. Makala kutoka Ekalakala

Majaribio tuliyoyataja yanahusu taaluma ambazo wapimaji wake ni maelfu. Hali ya lugha zetu ni nyingine. Tuchukue mfano wa kubuni, ambao kila mhadhiri ataweza kuufananisha na jambo alilowahi kuliona.

Mwalimu wa sekondari karibu na Ekalakala anakusanya majina ya njaa. Wakamba, kama watu wengi wa nchi kavu, huzihesabu nyakati kwa njaa, na kila njaa huwa na jina. Ngomanisye ni njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19. Nikwa Ngwete ni njaa ya mwaka 1984, na jina lenyewe lina maana ya kwamba nakufa hali nimeshika: fedha zipo mkononi, chakula cha kununua hakipo. Majina haya ni sarufi, ni historia, na ni ushairi kwa pamoja. Jina la pili ni sentensi kamili iliyogeuzwa kuwa nomino, nalo limebeba ndani yake habari ya uchumi ambayo haikuwamo katika jina la kwanza: kwamba kufikia mwaka 1984 watu wa Ukambani walikuwa wameingia katika maisha ya mshahara na soko. Mwalimu anataka kuandika juu ya mabadiliko hayo ya muundo na maana.

Ikisiri yake inafika kwa wapimaji wawili. Wa kwanza ni mwanaisimu asiyejua Kikamba. Atauliza, na ana haki kuuliza: data ni kiasi gani, imekusanywa vipi, nadharia ni ipi? Wa pili anakijua Kikamba, lakini cha Kitui. Ataona umbo asilolizoea, na kwa kuwa lahaja za Machakos na Kitui hazifanani kwa kila jambo, na Masinga yenyewe inapakana na Wambeere ng'ambo ya Tana, atadhani kwamba mwalimu amekosea tahajia. Hakuna kati ya wawili hawa atakayeuliza swali ambalo mzee wa Ekalakala angeliuliza kwanza: jina hili ulipewa na nani, na je, jirani zake huiita njaa hiyo kwa jina lilo hilo?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Katika makala ya namna hii kuna vitu viwili vya kupimwa, yaani njia na habari. Njia huweza kupimwa na yeyote aliyefunzwa. Wataalamu De Pauw, Wagacha na de Schryver walipoonyesha mwaka 2007 jinsi mashine iwezavyo kurudisha alama za irabu zilizoachwa katika maandishi ya lugha kadhaa, Gikuyu na Kikamba miongoni mwazo, msomaji asiyejua hata neno moja la lugha hizo aliweza kuzikagua hesabu na kuridhika. Hilo ni jema, na ni sifa ya utaratibu wa mikutano. Lakini kama irabu ya neno fulani hutamkwa ĩ au i kinywani mwa mtu wa Masinga, hesabu haisemi. Tangu Whiteley na Muli walipotoa kitabu chao cha kufundishia Kikamba mwaka 1962, maandishi juu ya lugha hii yameongezeka, ila ushahidi wa mwisho umebaki pale pale ulipokuwa: kwa msemaji. Naye hayumo katika orodha ya wapimaji.

Matokeo yake ni kwamba upimaji wetu huwa mkali pale ambapo kosa ni la umbo, na mpole pale ambapo kosa ni la ukweli. Makala iliyojaa mifano ya Kikamba isiyosemwa na mtu yeyote yaweza kupita kwa alama za juu, mradi marejeo yake yamepangwa sawasawa.

6. Nzama na mipaka yake

Huenda msomaji akatarajia sasa tumwambie kwamba wazee walikuwa na utaratibu bora. Wakamba walikuwa na nzama, baraza la wazee wa utui, lililosikiliza mashauri. Mshtaki na mshtakiwa walisimama mbele ya watu; mashahidi waliulizwa; na aliyetoa hukumu alionekana na wote. Tukilinganisha na barua isiyo na sahihi, tofauti ni kubwa. Katika nzama msemaji wa uongo alikabili hatari ya kukanushwa papo hapo na jirani yake, na mwamuzi mwenye chuki alikabili hatari ya kujulikana kuwa ana chuki.

Hata hivyo tusiingie katika mtego wa kuyasifu ya kale kwa kuwa ni ya kale. Kuingia nzama kulihitaji umri, na kupanda daraja kulihitaji kutoa mbuzi na pombe. Vijana na wanawake walisikilizwa kama wenye shauri, si kama waamuzi. Pale wote wanapoonana, mdogo humwogopa mkubwa. Jambo hilo tunalijua vyema katika mikutano yetu: profesa akinena, mhadhiri msaidizi huinamia daftari lake. Jaribio la mwaka 2017 tulilolitaja limeonyesha jambo hilo hilo kwa tarakimu. Kumficha mwandishi ni kinga ya mdogo, na ni kosa kuitupa.

Lakini yafaa tutambue kwamba kumficha mwandishi na kumficha mpimaji ni mambo mawili, ingawa hufungwa katika furushi moja na kuitwa upofu wa pande mbili. La kwanza humlinda asiye na nguvu. La pili, mara nyingi, humlinda mwenye nguvu. Katika taaluma ndogo kama yetu, hata kinga ya kwanza ni dhaifu, kwa sababu waandishi juu ya Kikamba, au juu ya nyimbo za Lamu, ni wa kuhesabika, na mada yenyewe humtaja mwenyewe. Kwa hiyo tumebaki na utaratibu ambao kinga yake kwa mdogo imetoboka na kinga yake kwa mkubwa ni nzima.

Itasemwa kwamba mpimaji mdogo naye atamwogopa mwandishi mkubwa iwapo jina lake litatajwa. Pingamizi hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba wajibu wa kujulikana uwe wa mwenyekiti wa kamati, ambaye kwa kawaida si mdogo. Asiseme kwamba wapimaji wamekataa. Aseme kwamba mimi, baada ya kuyasoma maoni haya, nimekataa, na sababu yangu ni hii. Mpimaji akitaka kutia sahihi yake, na aruhusiwe. Wapo waliokwenda mbali zaidi: mkutano wa ICLR, tangu ulipoanza mwaka 2013, umekuwa ukiyaweka maoni ya wapimaji hadharani pamoja na majibu ya waandishi, na haukufa kwa ajili hiyo.

7. Mapendekezo

Kutokana na tuliyoyasema, mikutano yetu ya lugha za Kiafrika ingeweza kubadili mambo manne bila ya gharama kubwa.

La kwanza, upimaji wa ikisiri uwe ungo tu. Kazi iliyo dhaifu waziwazi ikataliwe. Nyingine zote zihesabiwe kuwa sawa, na nafasi zikiwa chache, zigawanywe kwa kura au kwa kuangalia maeneo na lugha ambazo hazijasikika. Kujifanya kwamba twaweza kuzipanga kwa ubora kwa maneno mia tatu ni kujidanganya.

La pili, pale ambapo makala ina data ya lugha, mmoja wa wapimaji awe msemaji wa lahaja inayohusika, hata kama hana shahada. Kazi yake isiwe kupima nadharia. Apewe mifano peke yake, aulizwe kama husemwa, na nani, na wapi. Mzee wa Ekalakala hahitaji kujua istilahi yoyote ili kujibu maswali hayo, naye atakuwa ametufanyia kazi ambayo hakuna profesa awezaye kuifanya.

La tatu, anayekataa aandike sababu ambayo mwandishi anaweza kuitumia, na kama makala ni ya Kiswahili, sababu hiyo iandikwe kwa Kiswahili. Lugha tusiyoweza kuhukumia haitakuwa lugha ya taaluma, hata tukiifanyia mikutano mia.

La nne, upimaji wa kweli urudishwe mahali pake, yaani ukumbini. Dakika kumi na tano za kusoma na tano za maswali si mjadala. Afadhali makala chache zilizosomwa mapema na waliohudhuria, na saa nzima ya kuzijadili, na mjadala huo uandikwe na kuchapwa pamoja na makala, ili msomaji wa baadaye aone ni wapi hoja ilipopingwa na ilivyotetewa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba upimaji wa makala za mikutano si mila ya kale wala si mizani kamili; ni mlango, na mlango una manufaa yake. Ubaya ni kuukabidhi mlango kazi ya mahakama. Majaribio yamethibitisha kwamba wapimaji wema, wakifanya kazi yao kwa uaminifu, hutofautiana wao kwa wao. Na hali ya lugha zetu inaongeza kwamba mara nyingi anayepima hana, wala hawezi kuwa na, ujuzi ambao hukumu yake inaudai.

Gharama ya jambo hili haimwangukii mhadhiri aliyekataliwa peke yake. Wanaoyakumbuka majina ya njaa katika Masinga wanapungua kila mwaka. Makala iliyokataliwa kwa sababu ya umbo yaweza kuandikwa tena mwakani. Mzee aliyekuwa ndiye marejeo yake hawezi kuulizwa tena mwakani. Kamati zetu, zinapoyahesabu makosa, zina wajibu wa kulihesabu na hilo.